Namba ya Mkono Mtupu

Saa nne kasorobo asubuhi Mkono wa Sita ulishusha mzigo ambao haukuwa nao.

Nilikuwa mwisho wa ukumbi, upande wa mlango unaotokea kwenye vianikio vya singa, yaani nyuzi za mkonge, nikibadilisha waya wa Mkono wa Kumi na Moja. Nilimsikia Salha wa mizani akisema, "Semboja. Semboja, toka hapo," kwa sauti ya mtu anayemwonya mwenzake asikanyage tope. Akasema tena, na safari hii sauti haikuwa ile. Halafu kitufe chekundu kikagongwa, injini za Mkono wa Sita zikakatika, na breki zikajifunga kwa mlio wa kufuli kubwa.

Nilikimbia huku bisibisi ikiwa bado mkononi.

Mjomba Semboja alikuwa amelala chali juu ya meza ya mizani, mwili wote, magoti yamekunjwa. Vidole vya chuma vya Mkono wa Sita vilikuwa vimefumbwa pamoja kama ngumi, na ngumi hiyo ilikuwa imetua katikati ya kifua chake. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na chochote kilichochanika. Mkono ulikuwa umetua taratibu, kama mtu anavyoweka kikapu cha mayai.

"Nimeupa kiganja," alisema. Maneno yalitoka mawili mawili. "Nimeupa. Haujasimama."

Mikono yetu ya mashine husimama. Kwa sababu hiyo ukumbi wa kufungia singa hauna uzio wala mstari wa njano sakafuni. Watu kumi na wanane wanafanya kazi katikati ya mikono kumi na miwili, kila mmoja una uzito wa kilo mia moja na tisini, na mtu akipitiwa na mmojawapo hainami wala haruki. Ananyoosha kiganja. Mkono ukihisi unasukumwa kwa kilo kumi na tano au zaidi, unasimama na kurudi juu. Asubuhi kila mtu huanza kazi kwa kuupa mkono wake kiganja, na usiporudi juu, hauguswi na mtu hadi fundi aje. Tunaita kusalimiana. Mimi ndiye fundi.

"Alipanda kutoa uzi ulionasa ukingoni," alisema Salha. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umekandamiza kitufe chekundu, kana kwamba kingeweza kujifungua chenyewe. "Huu ukaja mtupu. Nimeuona mtupu, Mwantumu, haukuwa na fungu lolote. Ukaja juu yake ukaanza kuteremka. Yeye akacheka, akanyoosha kiganja. Ukaendelea."

"Halafu?"

"Akitoa pumzi, unashuka. Akivuta, haupandi. Akitoa tena, unashuka tena. Mara tatu. Ndipo nikagonga."

Niliielewa sentensi hiyo kabla sijaelewa kitu kingine chochote, nikaishika meza.

Mkono unaposhusha fungu la singa hauangalii meza iko wapi. Unateremka maadamu unahisi uzito, na uzito ukiisha unajua fungu limekaa. Basi. Ukihisi uzito umerudi kidogo, unateremka kidogo tena. Kupanda ni jambo jingine: haupandi mpaka usukumwe kwa zile kilo kumi na tano, au ugongwe mara mbili ubavuni. Mpango huu unafaa sana kwa singa, ambazo hujikunja na kulegea. Hakuna aliyewahi kuufikiria kwa mtu anayepumua.

Nilitazama kioo kidogo kilicho kwenye shina la Mkono. Kilisema:

MZIGO 0
NAMBA GHAFI 12

Kwa Mkono wa Sita, pale chini ya vidole vyake hapakuwa na kitu.

*

Msimamizi wetu, Hiza Mntambo, alishuka ngazi za ofisi bila kukimbia. Sijawahi kumwona akikimbia. Alikuwa ameshapiga simu akiwa njiani.

"Gari la wagonjwa lipo Korogwe," alisema. "Dakika arobaini, barabara ikiwa nzuri."

"Dakika arobaini huyu hana," alisema Salha.

Nilikuwa nikihesabu. Semboja alikuwa akipumua mara thelathini na nne kwa dakika, pumzi fupi za juu, kama mtu anayeonja chai ya moto. Breki zilikuwa zimejifunga wakati alipokuwa ametoa pumzi ya tatu. Kifua chake kilibaki na nafasi ile ile kilichokuwa nayo wakati huo na hakikupewa nyingine. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu.

Mtu angeweza kudhani tungeunyanyua kwa mikono yetu. Breki zile zinahimili tani mbili. Na kuzifungua kwa wenzo ni kumwangushia kilo mia moja na tisini. Njia pekee ya kuupandisha ni kuuamsha, na ili uamke lazima Mlinzi akubali. Mlinzi ni mtambo unaolinda mikono yote ya kiwanda. Hauna sauti, una kioo ukutani chenye herufi za kijani, na mkono ukisimamishwa kwa kitufe chekundu huuliza swali lile lile kila mara. Lilikuwa limeshatokea.

NAMBA YA MKONO MTUPU, ILIYOPIMWA LEO NA MTU?

Hiza alinyoosha mkono bila kunitazama. "Daftari."

Daftari langu huning'inia kwa kamba kwenye mshipi wangu. Alilitoa kambani na kulifungua ukurasa wa leo. Lina mistari ya bluu na mistari ya penseli niliyoichora mimi, na mwandiko wangu ni mdogo, ulionyooka.

"Mkono wa Sita. Kumi na mbili. Saa moja na dakika tano, saini yako." Aliinua macho akatazama kioo cha Mkono. "Na hapa, kumi na mbili." Nikaona mabega yake yakishuka kwa faraja. "Haumkandamizi, Mwantumu. Umemgusa tu, shati limenasa na hofu imemshika. Tuuamshe, tuugonge mara mbili, upande."

"Kuamka kunachukua sekunde ishirini."

"Najua."

"Katika sekunde hizo unatafuta uzito wake. Unaendelea pale ulipoachia."

"Kama unahisi uzito, ndiyo. Hauhisi. Mkono mtupu ni kumi na mbili, sasa ni kumi na mbili. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kuamini daftari kuliko kioo, na leo vyote viwili vinasema kitu kimoja." Alianza kwenda ukutani.

Sekunde ishirini. Pumzi kumi na moja.

*

Lazima niseme kihisi cha uzito cha Mkono ni kitu gani, maana bila hilo hofu yangu haitaeleweka.

Ni kisahani cha chuma chenye upana wa kiganja, kilichofungwa kati ya kifundo cha Mkono na vidole vyake. Ndani kina nguzo nne nyembamba, na juu ya kila nguzo umegandishwa waya mwembamba kuliko unywele. Nguzo ikivutwa au ikikandamizwa, waya hurefuka au hufupika kiasi kisichoonekana kwa macho, na umeme unaopita ndani yake hubadilika. Kutokana na badiliko hilo Mkono unapata namba. Kikisukumwa kutoka chini, namba inapanda. Kikining'inizwa mzigo, inashuka.

Nilijifunza hayo peke yangu, kwenye kihisi kibovu alichonitolea Semboja kwenye mapipa ya chuma chakavu miaka sita iliyopita. Wakati huo nilikuwa mfagiaji. Nilikata kile kisahani kwa msumeno, nikakaa nacho miezi mitatu. Nilichojifunza cha maana kuliko vyote ni hiki: chuma kikipindwa kupita kiasi hakirudi kilikotoka. Hakivunjiki wala hakitoi mlio. Kinabaki na kumbukumbu ya mzigo ule, na tangu hapo kinausimulia kila siku kama vile bado upo.

Ndiyo maana nilianzisha daftari. Asubuhi, kabla ya watu kuingia, nauacha kila mkono uning'inie mtupu kwa dakika nne, chuma kipoe, kisha naandika namba yake ghafi. Namba ikihama, nausimamisha. Kampuni ilinipa kazi ya ufundi kwa ajili ya daftari hilo. Sina cheti. "Daftari lako ndilo cheti chako," aliniambia Hiza siku aliponikabidhi funguo, na alimaanisha wema.

Namba ya Mkono wa Sita ilikuwa kumi na mbili kwa miezi saba.

Leo asubuhi mvua ilinyesha, kijito kikafunika kivuko, nikafika saa moja kamili. Watu walikuwa mlangoni. Dakika nne mara kumi na mbili ni dakika arobaini na nane. Nilifungua ukurasa wa jana, nikauweka kando ya ukurasa wa leo, na nikanakili. Namba zote kumi na mbili. Nilitia saini. Haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa mara ya tatu.

Kwa hiyo kumi na mbili aliyokuwa akiisoma Hiza ilikuwa ya jana.

*

Nilisimama pale nikiwaza kwa kadiri ya sekunde tano au sita, na hizo ndizo ninazoziota mpaka sasa.

Niliwaza kwamba labda ni kweli. Namba ambayo haijahama kwa miezi saba kwa nini ihame usiku mmoja? Huenda ni shati na hofu. Kama ni hivyo, nikinyamaza atakuwa huru baada ya sekunde ishirini.

Niliwaza kwamba nikisema, Mlinzi atakosa namba. Akikosa namba anafunga, na mkono uliofungwa na Mlinzi hufunguliwa na mhandisi kutoka Tanga mjini. Safari ya saa mbili. Semboja angekufa polepole mbele yetu wote, na ukweli wangu ndio ungekuwa umemwua.

Na niliwaza juu yangu. Sitaficha hilo. Niliona ufagio.

Halafu nilikumbuka maneno ya Salha. Akitoa pumzi, unashuka. Mkono usiohisi uzito hauna sababu ya kushuka. Namba zilisema hapana kitu, na kifua cha mtu kilisema kipo. Kati ya hivyo viwili, nilijua kimoja kiliandikwa na mwongo.

"Bwana Hiza. Usiandike."

Kidole chake kilikuwa kwenye kioo cha ukutani.

"Namba hiyo sikuipima. Nilinakili ya jana."

Aligeuka. Alinitazama, kisha akatazama daftari, kisha saini.

"Yote?"

"Yote kumi na miwili."

Salha alisema kitu kwa Kisambaa ambacho sitakiandika. Kutoka mezani ilisikika sauti nyembamba. Nilidhani Semboja anakata roho. Alikuwa anajaribu kucheka.

"Mwandiko mzuri... hivyo," alisema. "Kumbe... uongo."

"Kumbe uongo, mjomba."

"Sasa?"

Hiza alirudi taratibu na kuegemea nguzo. Alikuwa akitazama kitu nyuma yangu, nami nikageuka. Kando ya mlango wa karakana, juu ya mbao mbili, ilikaa injini ya trekta, na kwenye ndoano ya Mkono wa Sita, chini tu ya kisahani, chuma kilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa, upana wa mnyororo.

"Jana jioni," alisema Hiza. "Winchi ilikuwa imeharibika. Dakika mbili tu."

"Ina kilo ngapi?"

"Mia tatu na kitu."

Juu ya kihisi kumepigwa chapa: mwisho mia mbili na hamsini. Sikuwa na mahali pa kusimama ili nimseme.

"Leo mafungu yalikuwa yanakaa vizuri sana," alisema Salha polepole, kama anayejisemesha. "Yamebanwa bapa. Tukafurahi. Na mimi niliusalimia asubuhi, Mwantumu. Niliupitishia kiganja hivi." Alipunga mkono hewani kama mtu anayefukuza nzi. "Kama tunavyofanya sote siku hizi."

*

Tulihitaji kujua jambo moja tu: Mkono unamkandamiza kwa kilo ngapi hasa. Tukilijua hilo, tungepata namba ya kweli ya mkono mtupu kwa kutoa. Kihisi hakikuwa shahidi tena, daftari halikuwa shahidi. Nilitazama huku na huku nikitafuta kitu chochote ukumbini ambacho hakikupitia kwenye kihisi wala kwenye mikono yangu.

Nilikuwa nimekishika. Meza.

Meza ya mizani ipo pale tangu kabla ya mikono, tangu kabla ya umeme wa uhakika. Ni bamba la chuma lililofukiwa kwenye zege, lina wenzo chini yake, na pembeni ina saa kubwa yenye mshale mmoja. Haijui kitu zaidi ya uzito. Salha huitumia kuhakiki marobota kwa sababu haiamini mikono ya mashine.

Mshale ulikuwa umesimama kwenye mia moja na kumi.

"Juu ya meza kuna nini zaidi yake?" nilimwuliza Salha.

"Hakuna. Uzi ameshautoa."

Niliinama sikioni mwa Semboja. Alinuka jasho na maji ya mkonge. "Mjomba, una kilo ngapi?"

"Sitini... na nane."

Nilichukua daftari mkononi mwa Hiza, nikaandika kwa penseli nyuma yake. Mia moja na kumi, toa sitini na nane, arobaini na mbili. Kumi na mbili, toa arobaini na mbili, hasi thelathini. Niliinuka kwenda kwenye kioo cha ukutani, na nilipopita karibu na Salha nikaona hanitazami. Alikuwa anatazama mshipi wa Semboja. Ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari, matatu, na ncha yake iliyobaki ilimzunguka mpaka mgongoni.

Nilirudi.

Ukumbini haruhusiwi mtu aliye chini ya kilo sitini na tano. Zile kilo kumi na tano za kusimamisha mkono zilihesabiwa kwa mwili wa kiasi hicho. Mtu mwembamba zaidi hupelekwa kwenye vianikio, juani, au nyumbani. Semboja ana umri wa miaka hamsini na tisa. Tangu homa ya mwezi wa tatu nguo zilikuwa zinampwaya, na sote tuliona, na sote tulinyamaza.

"Mjomba," nilisema, "mimi langu nimeshalisema mbele ya msimamizi. Nikikosea kilo nane, Mkono ukipanda utarudi kuzitafuta. Utazitafuta kifuani kwako."

Alifumba macho.

"Sitini," alisema.

"Zahanati waliandika sitini na nane."

"Mawe. Mfukoni."

"Leo unayo?"

"Leo... sina."

Hiza aliuma mdomo akatazama sakafu. Nilifuta, nikaandika upya. Mia moja na kumi, toa sitini, hamsini. Kumi na mbili, toa hamsini, hasi thelathini na nane. Niliirudia hesabu hiyo mara mbili, kwa sababu sikuwa naiamini tena hata penseli.

*

Nilimwandikia Mlinzi: hasi thelathini na nane.

Herufi za kijani zilibadilika.

NAMBA HII IMEPIMWA KWA NJIA GANI?

Niliandika: kwa mizani ya saa, kwa kutoa uzito wa mtu aliye chini ya mkono.

UZITO WA MTU?

Niliandika sitini. Nyuma yangu nilisikia Semboja akivuta pumzi, na nilijua ameona.

NAMBA YA SAA 1:05 HAILINGANI. ILIPIMWA? NDIYO / HAPANA

Majibu hayo husomwa na kampuni, na yanahifadhiwa daima. Hayafutiki. Niligusa HAPANA.

Kioo cha Mkono wa Sita kilibadilika kutoka kijani kuwa chekundu.

MZIGO +50. MTU.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ulikuwa umejua kwamba pana mtu. Nilitamani kulia nilipoliona neno hilo, lakini hesabu ya sekunde ilikuwa imeanza.

"Shika kitufe," nilimwambia Salha. "Tazama mshale. Ukizidi mia moja na kumi na tano, gonga."

"Na nikigonga, ndiyo tena basi?"

Akigonga, breki zingejifunga hapo hapo, kwenye pumzi ndogo zaidi.

Nilipiga magoti kando ya meza nikamshika Semboja mkono. Ulikuwa baridi na mkavu, na vidole vyake vilikuwa na vijikovu vyeupe vya miiba. Ishirini. Kumi na tisa. Kumi na nane. Injini zilianza kuunguruma kwa ndani, kama paka. Mshale haukusogea. Nilifikiria makosa yote yanayowezekana. Mizani yenyewe inaweza kuwa mbovu. Anaweza kuwa hamsini na tano. Homa inaweza kuwa imeniongopea, mawe yanaweza kuwa yameniongopea, na mimi mwenyewe nimeshaonyesha nilivyo. Kumi na mbili. Kumi na moja.

Breki zilifunguka.

Mshale uliruka mpaka mia moja na kumi na tatu. Semboja alinibana vidole. Nilimsikia Salha akivuta hewa, na nilijua kiganja chake kimeanza kushuka kwenye kitufe, na nikasema, "Subiri," bila kujua kama nilikuwa na haki ya kusema hivyo.

Mia moja na nne.

Tisini.

Sabini na moja.

Ngumi ya chuma ilinyanyuka kifuani kwake haraka, kama mtu aliyegundua kwamba amekalia mtoto. Ilipanda mpaka juu kabisa ya shina lake ikasimama pale, vidole vimefunguka. Semboja alivuta pumzi ndefu yenye sauti mbaya, akakohoa, akavuta nyingine. Hiza aliketi sakafuni na suruali yake safi.

Nilitazama saa ya mizani. Mshale uliyumba kwa kukohoa kwake, kisha ukatulia. Sitini kamili.

"Sasa wote mmeona," alisema Semboja, akiwa bado amefumba macho.

"Tumeona, mjomba," alisema Salha. Alimfunika kwa kanga yake, kisha akamkung'utia singa kwenye nywele moja moja, taratibu, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa muhimu. "Lala hivyo hivyo. Usijitie ushujaa. Gari linakuja."

*

Kisha nikasikia.

Ukumbi ulikuwa na sauti. Ulikuwa nayo muda wote ule. Mlinzi husimamisha mkono uliogongwa tu, na mikono kumi, yote isipokuwa wa Sita na ule niliokuwa nikiubadilishia waya, ilikuwa inaendelea kunyanyua na kushusha, kunyanyua na kushusha, na watu waliokuwa mbali walikuwa wamerudia kazi zao baada ya kuambiwa na mwenzao kwamba ni shati limenasa. Chini ya Mkono wa Tisa mwanamke mmoja alikuwa ameinama akikusanya singa zilizoanguka, mgongo wake umeuelekea, na Mkono ulikuwa unampitia juu kwa kiasi cha shubiri mbili. Alinyoosha kiganja nyuma bila kutazama, akaugusa kidogo, akaendelea.

Daftari nililoliangusha nilipopiga magoti lilikuwa miguuni pa Hiza, limefunguka. Namba kumi na mbili, wino mmoja, mwandiko mmoja ulionyooka. Moja tulikuwa tumeijua. Zile nyingine sikujua. Mimi niliyeziandika sikujua. Wala sikujua injini ngapi nyingine zilinyanyuliwa kwa dakika mbili tu, na mkono gani.

Swichi kuu iko karibu na ngazi za ofisi. Kuishusha kunaacha vioo tu vikiwaka na kunasimamisha kiwanda kizima, pamoja na korona zinazokwangua majani ya mkonge na brashi zinazosafisha singa, na Mlinzi huuliza sababu kabla hajakubali. Nilimtazama Hiza. Alikuwa na uwezo wa kunizuia. Aliniangalia, kisha akaokota daftari, akafuta vumbi kwenye jalada kwa mkono wa shati lake, akanipa.

Kwenye nafasi ya sababu niliandika neno moja: Sikupima.

Mikono ilisimama mmoja baada ya mwingine ukumbi mzima, mingine chini, mingine juu na mafungu yakining'inia, na breki zikalia. Korona nazo zikanyamaza. Sikuwahi kusikia kiwanda kikiwa kimya mchana. Watu waligeuka. Walinitazama, kisha wakatazama mikono iliyokuwa juu ya vichwa vyao, na nikawaona wakiinama na kuanza kutoka chini yake, polepole, mmoja mmoja.

Niligeuza ukurasa mpya. Niliandika tarehe, nikaandika saa nne na dakika kumi, nikaenda kuanza na Mkono wa Kwanza. Haukuwa na mzigo. Nilisimama mbele yake dakika nne zote, kwa saa, mpaka chuma kilipopoa.

Kwenye ukurasa wa asubuhi nilikuwa nimeandika tisa. Kioo kilisema hasi kumi na saba.